Jiwe Lililoacha Kukua: Mapango na Historia ya Ardhi Iliyoganda

Pemafrosti, yaani ardhi au mwamba unaobaki kwenye sifuri ya Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo, haionekani kwa macho kama ionekanavyo barafuto, yaani barafu ya kudumu itambaayo juu ya ardhi, inayopungua mlimani. Hali yake hujulikana kwa kutoboa mwamba na kuteremsha vipimajoto, na katika milima ya Alps mojawapo ya mashimo yenye kumbukumbu ndefu kuliko yote, lile la Murtèl-Corvatsch nchini Uswisi, lilianza kupimwa mwaka 1987. Kwa kitu ambacho huweza kuchukua karne nyingi kuganda na karne nyingine kuyeyuka, muda huo ni mfupi mno. Ndiyo sababu baadhi ya wanasayansi wamegeukia mapango ya chokaa, wakidai kwamba mawe yaliyokua humo yanaweza kurefusha kumbukumbu hiyo kwa mamia ya maelfu ya miaka, na ndiyo sababu wengine wanawajibu kwamba jiwe lililoacha kukua si kipimajoto. Pingamizi hilo lina msingi, lakini mara nyingi hupewa uzito kuliko linavyostahili, kwa kuwa wanaolitoa huishia kwenye nusu ya kwanza ya ushahidi.

Nusu hiyo ya kwanza ni stalagmiti, yaani nguzo za mawe zinazokua kutoka sakafu ya pango kwa matone ya maji, na ndugu zake. Mwamba ulio juu ya pango ukiganda, matone hukoma, na kalsiti, madini ya chokaa yanayoyajenga mawe hayo, haiongezeki. Ukiyeyuka, tabaka jipya huanza juu ya lile la zamani. Umri wa kila tabaka hupimwa kwa urani na thoriamu: urani huyeyuka majini na thoriamu karibu haiyeyuki kabisa, kwa hiyo thoriamu inayokutwa ndani ya kalsiti safi imezaliwa humo humo urani ikioza polepole, na kiasi chake hueleza muda uliopita. Njia hii hufika takriban miaka 600,000, na zaidi ya hapo hutumika urani na risasi.

Wapinzani wanasema, na ni kweli, kwamba matone hukoma kwa sababu nyingi. Ukame unatosha. Maji kubadili njia ndani ya nyufa kunatosha, na hata kupungua kwa uhai wa udongo ulio juu, ambao ndio unaoyapa maji asidi ya kuyeyushia chokaa. Kinyume chake pia hutokea: katika pango la Spannagel, Austria, lililo kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi, kalsiti iliendelea kukua hata katika vipindi ambavyo barafuto ilifunika mlima, kwa kuwa chini ya barafuto hiyo mwamba haukuwa umeganda. Anayesoma pengo moja katika jiwe moja la pango moja, kisha akatangaza kwamba ardhi iliganda, anastahili kukosolewa.

Hata hivyo, kazi iliyofanywa Siberia haikuwa ya namna hiyo. Mwaka 2013 mtafiti Anton Vaks na wenzake walichapisha tarehe za mawe kutoka mapango 6 yaliyopangika kutoka latitudo ya 60 kaskazini hadi jangwa la Gobi. Katika mapango ya kusini mwa Siberia ukuaji ulirudi katika vipindi vya ujoto vilivyofuatana, ilhali katika pango la Ledyanaya Lenskaya, lililo kaskazini kuliko yote, ndani ya miaka 500,000 ulitokea mara moja tu, katika kipindi cha ujoto cha zaidi ya miaka 400,000 iliyopita. Nyufa zinazoziba ovyo haziwezi kujipanga kwa kufuata latitudo. Kinachokubalika kwa urahisi zaidi ni kwamba mpaka wa ardhi iliyoganda ulikuwa ukisogea.

Utafiti huo ndio ulioleta tarakimu inayonukuliwa kuliko nyingine yoyote katika uwanja huu: nyuzi 1.5. Kwa kulinganisha ukuaji huo na joto la uso wa Bahari ya Pasifiki ya tropiki, watafiti walikadiria kwamba dunia wakati huo ilikuwa na wastani wa joto unaozidi ule wa kabla ya mapinduzi ya viwanda kwa kiasi hicho. Miaka 2 baadaye, Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi ukaitaja tarakimu ileile kama kikomo cha kujitahidi kutokivuka, na tangu hapo tarakimu mbili zenye asili tofauti zimekuwa zikisomwa kana kwamba moja inathibitisha nyingine. Hapa wakosoaji wanagusa penyewe. Makadirio hayo yanatoka baharini, hayakuandikwa ndani ya jiwe. Ni wastani wa dunia nzima, wala si joto la bonde la mto Lena. Tena Siberia si Alps: mlimani pemafrosti hukaa vipande vipande, na mteremko unaotazama kaskazini unaweza kuganda huku wa upande wa pili ukiwa umeyeyuka, kwa hiyo kuihamisha tarakimu hiyo hadi kileleni ni kosa. Hoja nzito zaidi inatoka kwenye pango lenyewe. Katika kipindi cha ujoto cha miaka 125,000 hivi iliyopita, ambacho nacho kilikuwa na joto kuliko kabla ya viwanda, Ledyanaya Lenskaya halikukuza chochote.

Watetezi wa kizingiti cha nyuzi 1.5 wangependa kulipita jambo hilo haraka, ilhali kwangu ndilo lenye thamani kuliko tarakimu yenyewe. Mwaka 2020 kundi hilohilo, likiwa limefika miaka milioni 1.35 nyuma, lilipendekeza kwamba ardhi ile iliyeyuka katika nyakati ambazo Bahari ya Aktiki ilikuwa na barafu chache wakati wa kiangazi. Bahari iliyo wazi hutoa joto na unyevu, unyevu huwa theluji, na theluji nene ya mwanzo wa majira ya baridi huifunika ardhi kama blanketi, baridi kali isiifikie. Hivyo jiwe linaeleza habari za ardhi, na ardhi haifuati joto la hewa peke yake.

Nusu ya pili ya ushahidi, ile isiyotajwa sana, ni fuwele zinazozaliwa na kuganda kwenyewe. Mtafiti Karel Žák na wenzake walizieleza mwaka 2004 kutokana na mapango ya Ulaya ya Kati. Hazining'inii darini wala hazisimami sakafuni. Hukutwa zimelala chungu chungu kati ya mawe yaliyoporomoka, punje za milimita chache au zaidi, za rangi ya kaharabu, nyingine mviringo na nyingine zimekaa kama waridi. Zilijijenga katika vidimbwi vilivyokuwa juu ya barafu ya pangoni, maji yalipoganda polepole na kuusukumia chumvi ya chokaa ule umajimaji uliobaki. Oksijeni nzito, yaani ile yenye atomu nzito kuliko za kawaida, hutangulia kuingia katika barafu, kwa hiyo fuwele hubaki na upungufu wake mkubwa, alama ambayo kalsiti ya matone ya kawaida haina. Barafu ilipoyeyuka, fuwele zikashuka chini.

Fuwele hizi hazijengeki katika baridi kuu, maana hakuna maji, wala katika ujoto, maana hakuna barafu. Zinahitaji pango lililo chini kidogo ya sifuri na maji yanayoanza kupenya kutoka juu. Kwa hiyo hoja ya pengo haizigusi, kwa kuwa hapa kinachopimwa kipo mkononi. Katika Alps ya Uswisi zimeonyesha pemafrosti ikiyeyuka hata katika ujoto wa Zama za Kati. Huko Austria, zilizojengeka barafu ya Alps ilipokuwa katika upeo wake, kama miaka 25,000 iliyopita, zilifasiriwa mwaka 2021 kuwa dalili ya theluji nyingi ya vuli na mwanzo wa baridi. Theluji imerudi tena, safari hii milimani.

Pingamizi moja linabaki na sina jibu kamili kwalo. Pango linaloshika hewa baridi huweza kuwa na barafu mahali ambapo mwamba unaolizunguka haujaganda kabisa, na fuwele hazisemi waziwazi zilizaliwa katika hali ipi. Dawa yake ni kuchagua vyumba vilivyo mbali na mlango, visivyopitisha upepo, na kutaka tarehe zikubaliane katika zaidi ya pango moja. Kuna pia mpaka wa kijiolojia: mnamo Agosti 2017 kiasi cha mita za ujazo milioni 3 kilianguka kutoka Piz Cengalo, Uswisi, na kuua watu 8, na mlima huo ni wa jamii ya graniti, usio na mapango ya chokaa ya kuhojiwa. Kwa milima kama huo mashimo ya vipimajoto hayana mbadala. Kwa ile ya chokaa, kazi ya haraka ni kuchora ramani za chungu hizo za fuwele kabla hazijakanyagwa, kwa kuwa zinafanana na kokoto na wengi huzipita bila kuzitambua.