Mombasa Ilikuwepo Kabla ya Ngome

Kiongozi aliyetuzungusha Fort Jesus na watoto alikuwa hodari wa tarehe. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira 1696 na kuitwaa 1698, Waingereza wakaja kuifanya jela. Binti yangu akauliza, "Na watu wa hapa walikuwa wapi?" Akajibiwa kwamba wenyeji walikuwa wavuvi tu, kisha tukapelekwa kwenye mizinga. Jibu hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Wavuvi tu! Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko, alilala Mombasa mwaka 1331, zaidi ya miaka 260 kabla ya jiwe la kwanza la ngome. Aliwakuta watu wa dini, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa barabara. Mwaka 1505 Almeida, kamanda wa Kireno, aliuvamia mji huu, akaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1528 Wareno wakaja kuuchoma tena. Nani anavuka bahari na manowari zake kuja kupora nyavu? Walikuja kwa sababu palikuwa na bandari, biashara na mali. Ngome yenyewe ni ushahidi kwamba mji ulikuwa mgumu kutawalika.

Kisha kuna Yusuf bin Hasan, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Yusuf akachukuliwa mtoto mdogo hadi Goa, India, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo, akalelewa awe mtu wao, halafu akarudishwa kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ndani ya ngome hii hii na watu wake, akamuua kapteni na kuitwaa. Mwaka uliofuata Wareno walileta jeshi kuikomboa, wakashindwa. Yusuf alipoondoka, aliondoka kwa hiari yake. Alimwaga damu nyingi, hata ya Waafrika waliokuwa Wakristo, na simwombei sifa za utakatifu. Lakini mtoto wa Kikenya anasimama kwenye ua ule ule, anaonyeshwa mzinga umetoka wapi, na jina la kijana huyo halitajwi! Hata mwaka 1729, Wareno walipofukuzwa mara ya mwisho, ni watu wa Mombasa walioinuka. Hilo nalo hatukulisikia.

Haya, nakubali ngome inavutia. Zile kuta za matumbawe ni nene ajabu, na wanangu waliganda mbele ya michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani. Kiongozi naye anatafuta riziki. Huenda wageni wengi hawamuulizi zaidi ya hapo.

Ila tulipotoka tukaingia Mji wa Kale, ndipo watoto walipoanza kuuliza maswali yenyewe. Barabara ya Ndia Kuu iko hatua chache tu kutoka langoni, na wengi tunaipita mbio tukiwahi ufukweni. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana ulijengwa karibu mwaka 1570, bado watu wanaswali humo. Kuna mlango mmoja ambao binti yangu aliufuata kwa kidole, ua baada ya ua, mpaka kwenye mnyororo uliochongwa pembeni, huku mzee aliyekaa barazani akimwelekeza kwa subira kama ni mjukuu wake. Kizazi cha Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, kingalipo hapo, kinakunywa kahawa chungu jioni. (Mahamri na mbaazi za asubuhi nitaziandikia siku nyingine, zinastahili.) Nyaya za umeme zinazoning'inia mbele ya roshani zile za kuchonga ni aibu, na taka pia.

Kwa hiyo wazazi mnaoshuka Mombasa Desemba, anzeni na Mji wa Kale asubuhi kabla jua halijawa kali, ngome ifuate baadaye. Mkifika langoni, kabla hamjakubaliana bei, mwambieni kiongozi mnataka habari za Mwana Mkisi na Shehe Mvita, ambao wenyeji huwataja kuwa waanzilishi wa mji, na habari za Yusuf. Akisema hawajui, mwiteni mwingine; hapo langoni hawakosekani.