Mchana nampa haki mwenye baiskeli, usiku nampa dereva

Ukitoka Gede kuja Malindi, huku pwani ya Kenya, alfajiri, kabla jua halijachomoza sawasawa, barabara huwa ya baiskeli. Wagema wameshateremka minazini, mitungi ya lita 20 imefungwa kwa mipira kwenye keria, mmoja kushoto na mmoja kulia. Wachuuzi wa samaki wanatokea njia ya Mayungu na matenga yao. Vibarua wanawahi mjini, wengine wawili kwa baiskeli moja. Nyuma yao zinakuja matatu za Mombasa, na mbele yanatokea malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni yakielekea kusini.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Dereva anapiga honi, mwenye baiskeli hageuki. Mmoja anasema watu wa baiskeli wana masikio ya mapambo, mwenzake anasema wenye magari wanataka kutumaliza. Mimi nimekaa pande zote mbili: nina pikapu kuukuu ya kubebea miche, na safari fupi nazimaliza kwa baiskeli. Hukumu yangu naiweka wazi mapema. Mchana haki ni ya mwenye baiskeli, usiku ni ya dereva, ingawa hii ya pili siku hizi siishiki kwa nguvu kama zamani.

Lawama kubwa ya madereva ni moja: kwa nini huyu hakai pembeni? Basi na ashuke garini ajaribu. Kuna sehemu pembeni lami imemegwa na magurudumu na mvua za masika, na kati ya lami na mchanga pamebaki ngazi. Gurudumu likiteremka pale na mgema amebeba mitungi miwili, yaani kama kilo 40 nyuma yake, kulirudisha juu ni kuomba kuanguka, tena aangukie upande wa gari. Kwa hiyo anaendesha futi mbili tatu ndani ya lami. Dereva anaona ujeuri, mwenzake anajiokoa.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hatuifanyi. Upande mmoja wa barabara kuu kwa kawaida una upana wa kama mita 3.5. Lori lina karibu mita 2.5, na baiskeli yenye mitungi pande zote mbili inakaribia mita 1. Ujerumani, tangu 2020, sheria inamtaka dereva anayeipita baiskeli aache mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Hata tukichukua ile ndogo, jumla inafika mita 5. Maana yake lori haliwezi kumpita mgema kwa usalama bila kuingia upande wa pili, na kama kuna gari linakuja, halina budi kusubiri. Kinachogombaniwa, ukikichunguza, ni sekunde kumi au kumi na tano. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa inamaliza mita 22 kila sekunde, kwa hiyo dereva akishtuka kidogo tu keshamfikia mtu. Ndani ya mji sheria yetu inasema 50, lakini sote tunajua hali ilivyo.

Na upepo je? Asubuhi za kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ukija mjini unasukumwa mgongoni, raha mustarehe. Jioni ukirudi Gede unapanda mlima usioonekana. Mtu anayepigana na upepo hawezi kwenda moja kwa moja kama mstari wa rula, lazima ayumbe kidogo, na basi likimpita karibu, hewa yake inamsukuma kisha inamvuta. Mwenye gari aliyefunga vioo hayajui haya. Honi anayoipiga kwa nia njema, kusema "naja", kule nje inasikika "toka!", na anayeruka kwa kushtuka ndiye anayeanguka.

Kuna hoja nyingine ya madereva ambayo wanaipenda sana barazani: baiskeli hazilipii barabara. Ni kweli ushuru wa matengenezo unakatwa kwenye mafuta, shilingi 25 kwa lita tangu 2024, na baiskeli hainywi petroli. Lakini wahandisi hukadiria kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, lami inaumia mara 16. Baiskeli haijawahi kuchimba shimo. Na huyo mgema akinunua betri ya tochi analipa VAT kama mwenye gari. Hoja hii naiweka kando.

Bodaboda nazitaja kwa kupita tu, maana zinastahili makala yake. Kabla ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, bodaboda hapa Malindi ilikuwa baiskeli yenye mto kwenye keria. Leo pikipiki inambana mwenye baiskeli kushoto na kumkatia dereva kulia, kisha wale wawili wanatukanana wao kwa wao.

Sasa upande wa dereva. Wapo wapanda baiskeli wanaokuja kinyume cha njia wakidai wanataka kuona gari linalowajia. Wapo vijana wanaoshika nyuma ya lori ili wavutwe kwenye mwinuko. Haya yanaudhi, ila dereva aliye macho mchana atayaona. Usiku ni jambo lingine. Huku jua likizama giza haliombi ruhusa: saa kumi na mbili na nusu bado unaona minazi, saa moja huoni kitu. Baiskeli nyeusi, mpandaji mwenye shati la kahawia, hana taa wala kipande cha kuakisi mwanga. Dereva anayekwenda mwendo halali kabisa anamwona akiwa ameshachelewa. Hapo siwezi kumlaumu aliye nyuma ya usukani.

Nilikuwa nikiamini hivyo bila shaka yoyote hadi jioni moja karibu na Msabaha, nilipomkosa mzee mmoja kwa shubiri. Nilisimama, nikateremka nikitetemeka, hasira na hofu vimechanganyika. Nikamwuliza, "Mzee wangu, taa iko wapi?" Akaniambia dainamo alikuwa nayo akaing'oa. Ikigusa tairi inafanya pedeli kuwa nzito, na yeye alikuwa amebeba gunia la nazi akipanda dhidi ya kusi. Tochi ya simu huiweka mfuko wa shati, lakini simu ilikuwa imezima chaji.

Nikaanza kumpa nasaha, zile za kawaida. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Lakini mimi nilikuwa nikikuona tangu mbali. Zile taa zako ndizo zilizonipofusha, nikawa sijui lami inaishia wapi."

Nikageuka kuangalia pikapu. Taa zilikuwa bado zinawaka, zote mbili, kali kama nilivyoziacha.