Mvuvi wa Trobriand na daktari wa Uingereza

Anayeamini mizimu, nyota na hirizi huambiwa hana elimu. Hoja hiyo ina ushahidi wa nusu tu.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwagawia wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, yenye sentensi zilizookotwa zaidi katika kitabu cha unajimu. Na hao walikuwa wanafunzi wa saikolojia! Sentensi pana mtu huijaza mwenyewe: hukumbuka siku iliyomfaa, zisizomfaa zikapita bila kuhesabiwa.

Upande wa pili husema tusikimbilie kuita kosa. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea ya leo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwamba wakivua ndani ya wangwa, kwenye samaki wa uhakika, hawakuhitaji uganga. Uganga ulikuwa wa bahari kuu, penye hatari na bahati. Watu walewale, ujuzi uleule. Mwaka 2008 watafiti Jennifer Whitson na Adam Galinsky walionyesha kitu kinachofanana na hicho maabara: waliofanywa wajihisi hawana udhibiti waliona picha nyingi zaidi ndani ya madoa matupu. Basi imani hufuata mashaka, na huleta faraja.

Faraja, sawa, ila maelezo hayo nayo hayatoshi. Mtazame Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi aliyembuni Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi. Mwaka 1920 alizitangaza picha za wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, wakiwa na viumbe vidogo vyenye mabawa. Wengi humtetea kwamba alikuwa akimlilia mwanawe aliyefariki 1918. Lakini imani yake ya kuzungumza na wafu alikuwa ameitangaza hadharani miaka miwili kabla ya msiba huo. Kampuni ya kamera na filamu ya Kodak ilipoombwa ithibitishe picha hizo, ilikataa kutoa cheti. Akachapisha vivyo hivyo. Wasichana hao walikuja kukiri wakiwa vikongwe, miaka ya 1980: vilikuwa vikaragosi vya karatasi vilivyosimamishwa kwa pini za kofia.

Kwangu mimi, aliyepotoka zaidi hapa ni daktari. Akili zake nyingi hazikumkinga. Zilimpa namna zaidi za kujitetea. Malinowski anasimulia kwamba mkulima wa Trobriand, ambaye hata shamba lake halilimwi bila uganga, ukimshauri aache kazi ya mikono na kutegemea maneno ya mganga, atakucheka. Uganga wake ulianza pale mikono ilipofika mwisho. Doyle aliambiwa na wenye ujuzi wa picha kwamba hawawezi kuthibitisha, na bado akaendelea kuziamini.