Pushapu za Makofi Hazimfundishi Mtoto Kupiga Servu

Kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu, Mwananyamala, wasichana wa mtaa hucheza rede karibu kila jioni. Wawili wanakaa pembeni na mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anajaza chupa mchanga huku anakwepa. Juzi tulipita hapo na kijana wangu tukitoka mazoezini, mimi nimebeba mkoba wa raketi zake kama kawaida ya baba asiye na kazi. Binti mmoja, miaka kumi na moja sidhani kama ametimiza, akarudisha mguu nyuma, akazungusha kiuno, mkono ukaja mwisho kabisa kama mkia wa samaki taa. Mpira ulivuma. Nikamwambia mwanangu naye ajaribu. Akarusha kwa kiwiko tu, mwili mzima umesimama kama mlingoti. Wasichana wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Huyu ni mtoto wa miaka 13, anayefanya mazoezi ya tenisi mara nne kwa wiki.

Servu, lile pigo la kuanzisha pointi kwenye tenisi, ni kurusha. Tofauti ni kwamba huachii kitu kikutoke mkononi, unaurushia mpira raketi. Nguvu inaanzia chini kwenye unyayo, inapanda gotini, inapita kiunoni na kifuani, bega linaipokea likiwa limevutwa nyuma, ndipo linaachia. Mtoto ambaye hajawahi kurusha kitu kwa mwili wote, hata umpe raketi ya bei gani, atapiga servu kwa bega peke yake. Na bega peke yake huchoka, halafu huuma.

La kwetu liliuma. Miezi michache nyuma alikuwa na kocha mmoja, simtaji, na wala si mtu mbaya. Anawapenda watoto kuliko makocha wengi ninaowajua. Alikuwa amesikia habari za plaiometriki, yale mazoezi ya kuruka, kurusha na kusukuma kwa kasi, akaamua kuyaleta kortini. Saa mbili za kucheza zikiisha, jua la Dar limeshawakausha watoto, anawapanga mstari: pushapu za kupiga makofi, ishirini ishirini. Kisha wanarushiana mpira wa kikapu uliojazwa mchanga. Siku moja niliupeleka ule mpira dukani kwa Mangi, tukauweka kwenye mizani. Ulizidi kilo kumi. Nilipomuuliza kocha, alinijibu kwa upole tu, "Mzee, mtoto lazima akakamae."

Sasa niseme ukweli unaoniuma zaidi ya bega la mtoto: mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na nilifurahi. Niliona jasho, nikaona hela yangu inafanya kazi. Tangu mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa taji la tenisi la Wimbledon, la wasichana wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, nilikuwa na ndoto zangu za pembeni ambazo sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yake. Wazazi tunalipia jasho. Kocha anayemaliza kipindi watoto wakiwa bado wanacheka tunamwona mvivu, na anayewaacha wakihema tunamsifia kwenye grupu la WhatsApp. Kwa hiyo kosa la ile mipira ya mchanga siwezi kumtwika yeye peke yake.

Plaiometriki yenyewe ni kitu kizuri, na ndiyo maana inaniudhi kuona inaharibiwa. Fikiria manati. Unavuta mpira, unaachia, jiwe linaruka. Msuli na kano zake hufanya kitu kinachofanana na hicho: ukiuvuta haraka kisha ukaugeuza papo hapo, unarudi na nguvu kubwa kuliko ungeanza ukiwa umetulia. Ila manati husubiri, msuli hausubiri. Ukichelewa hapo katikati, ile nguvu ya bure inapotea na kuishia kuwa joto. Faida yote iko kwenye ule mgeuko mfupi. Mtoto aliyechoka mgeuko wake ni mrefu, na anayerusha mzigo wa kilo kumi hana mgeuko kabisa, anabeba zege. Anaweza akapata ukakamavu wa aina fulani, lakini plaiometriki hajafanya.

Tena asili yake inatosha kututia adabu. Aliyeiendeleza zaidi, Yuri Verkhoshansky wa Umoja wa Kisovyeti, katika miaka ya 1960, aliitengeneza kwa wanariadha wakubwa waliokwisha kujenga nguvu kwa miaka, na mwenyewe aliiita njia ya mshtuko. Jina la plaiometriki lilikuja baadaye kwa Mmarekani Fred Wilt, mwaka 1975. Watoto waliingizwa baadaye, kwa vipimo vyao. Na kwa vipimo vyao inafaa kweli: kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa wavulana wa tenisi wa umri wa miaka kama 15, ambao kwa wiki nane tu mazoezi ya aina hii yaliongeza kasi ya servu bila kuharibu shabaha.

Vipimo ndilo neno. Mfupa wa mkono wa juu, kutoka begani hadi kiwikoni, hukua zaidi upande wa juu. Kama asilimia 80 ya urefu wake hutoka kwenye tabaka laini lililo karibu na bega. Tabaka hilo hukaa wazi hadi karibu mwisho wa ujana, na ni dhaifu kuliko kano zinazolizunguka. Mtu mzima akizidisha anavuta msuli. Mtoto akizidisha anaumiza mahali mfupa unapokulia. Na kipindi kibaya zaidi ni kile anachorefuka ghafla, wasichana karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, ambapo suruali inapanda juu ya vifundo na mikono inakuwa mirefu kuliko akili inavyoijua. Wangu yuko hapo hapo. Mtaalamu wa viungo aliyemwona alisema apumzike kurusha na kupiga servu kwa wiki kadhaa, na alinitazama mimi alipokuwa akisema, si mtoto.

Aliporudi tulianza upya, nyumbani. Nilichukua mpira wa ngozi uliokufa, nikatia mchanga kilo moja na vitambaa vya kujaza nafasi, fundi viatu akaushona. Kilo moja. Kijana alidharau mwanzoni. Anasimama ubavu kwa ukuta kama anayepiga forehendi, pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, anazungusha kiuno, anaurusha, anaufuata. Mara nane kulia, mara nane kushoto, na upande wa kushoto ni lazima ingawa yeye ni wa kulia. Kisha anaurusha kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa, kama beki anayerusha mpira uliotoka uwanjani. Pushapu za makofi tumezihamishia ukutani: anasimama hatua moja kutoka ukutani, anajiangusha mbele, anajisukuma viganja viachane na ukuta. Za sakafuni zitasubiri mpaka apige kumi za kawaida, polepole, bila kiuno kulegea. Kwa sasa anafika saba.

Yote hayo hayazidi dakika kumi na tano, siku mbili kwa wiki zisizofuatana, na hufanywa mwanzoni, baada ya kupasha mwili, kabla ya kugusa raketi. Hakuna kufanya ukiwa umechoka, hakuna kufanya kama adhabu ya kuchelewa. Kipimo changu ni sikio. Mpira ukigonga ukuta unatoa kishindo. Kishindo kikianza kufifia tumemaliza, hata kama bado mara tatu. Siku akipiga servu nyingi kortini, nyumbani harushi kitu, maana bega halijui kwamba hii ni tenisi na ile ni mazoezi. Linahesabu zote pamoja.

Kitu kingine tulichoongeza ni tyubu ya baiskeli. Nimeikata mkanda, nikaifunga kwenye nguzo ya geti, anaivuta taratibu, kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, mkono unakwenda nje. Inachosha kutazama. Lakini ile misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo breki, ndiyo inayousimamisha mkono baada ya servu, na nani anafunga injini kubwa kwenye gari lisilo na breki? (Najua, najua, kwenye daladala za zamani tuliona mengi.)

Na ameanza kucheza rede. Sikumlazimisha. Mwanzoni aliona aibu, mchezo wa wasichana, akasema. Nikamwambia aende akawaulize hao wasichana kama wana haja naye. Jumatatu walimkubali kwa sharti kwamba aanze katikati, akalimwa mpira wa mgongo kabla hata hajagusa mchanga. Jana alikuwa pembeni, anarusha. Nilikuwa dirishani. Mguu ulirudi nyuma, kiuno kikazunguka, na mpira ukampita binti wa katikati sikioni, ukaenda kugonga ndoo ya mama ntilie. Ilinibidi nitoke kwenda kulipa maharage.