Ualimu mkuu unavyokimbiwa

Mwaka jana rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi Ilemela, aliletewa barua ya kukaimu ualimu mkuu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Nikikataa watanifanya nini?" Huyu ni mtu anayeifundisha hesabu mpaka mtoto mzito wa darasa la saba anaielewa.

Wapo wanaosema walimu wa siku hizi hawataki majukumu. Sikubaliani nao. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya serikali ikawa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ni jambo jema, ila kazi ya uhasibu ilikuja na fedha hizo, na katika shule nyingi za msingi mhasibu hakuja. Ujenzi nao uko mikononi mwa mwalimu mkuu na kamati zake. Karibu na Igoma nilimkuta mmoja akihesabu mifuko ya saruji ikishushwa kwenye fuso, chaki ingali mkononi, darasa la sita likipiga kelele nyuma yake. Ukipungua mfuko mmoja, wa kujieleza kwa mkaguzi ni yeye.

Kwa yote hayo kuna posho ya madaraka, 200,000 kwa mwezi. Mwalimu wa kike anayetolewa Nansio kupelekwa kisiwa cha Ukara, avuke kwa kivuko cha Bugolora na kuacha watoto nyuma, posho hiyo itamfikisha wapi? Akisita, tusimwite mwoga.

Lakini kukataa nako kuna gharama yake, na hapa ndipo ninapobishana na walimu wenzangu. Huku mwambao wa ziwa, mwezi ukiwa giza dagaa huvuliwa kwa wingi, na watoto huacha madawati kwenda kuanika mwaloni, kule samaki wanakoshushwa. Mwalimu wa kawaida ataandika utoro kwenye daftari la mahudhurio, basi. Mwalimu mkuu anaweza kuteremka mwaloni, akakaa na wazazi na mwenyekiti wa kijiji mpaka waelewane. Wanaolijua darasa wakikikimbia kiti hicho, atakikalia anayekitaka kwa ajili ya fedha.

Mhasibu mmoja kwa kila kata angewatua walimu mzigo mkubwa. Na mafunzo ya ADEM, chuo cha uongozi wa elimu chenye kampasi hapa hapa Mwanza, yatangulie uteuzi, yasingoje mtu aharibu kwanza.

Rafiki yangu alikubali, kwa sharti abaki na vipindi vyake vya hesabu. Amebakishiwa nusu. Risiti anazipanga usiku kwenye meza ya chakula, mkewe akimsomea tarehe.