Thomas Paine na uhuru wa Marekani: tumpe sifa ipi?

Thomas Paine, mzaliwa wa Thetford nchini Uingereza, alifika Philadelphia mwishoni mwa 1774 akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Benjamin Franklin. Januari 10, 1776, mchapaji Robert Bell alitoa kijitabu cha Paine, Common Sense, kilichoyataka makoloni ya Uingereza huko Amerika yajitenge. Wanaomtukuza husema nakala 120,000 ziliuzwa ndani ya miezi mitatu, na kwamba ndizo zilizoleta uhuru. Idadi hiyo aliitoa Paine mwenyewe. Waliofuata waliipandisha hadi nusu milioni.

Ipeleke idadi hiyo kwenye karakana ya uchapaji uone. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa karibu 80. Karatasi moja kubwa, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, hutoa kurasa 16, kwa hiyo nakala moja ilikula karatasi 5. Nakala 120,000 zingekula karatasi 600,000. Mitambo ya mkono iliyotawanyika mijini ingeweza kugawana kazi hiyo kwa shida. Tatizo kubwa ni karatasi yenyewe. Ilitengenezwa kwa matambara, viwanda vya makoloni vilikuwa vichache, na mzigo wa kutoka Uingereza ulikuwa umezuiwa na mgomo wa makoloni wa kutonunua bidhaa za Uingereza. Paine alipogombana na Bell kuhusu faida, aligharamia mwenyewe nakala 6,000, na hilo lilihesabiwa kuwa toleo kubwa. Kwa matoleo takriban 25 ya mwaka mzima, mengi yakiwa madogo kuliko hilo, 120,000 kwa miezi mitatu haielekei kufikika.

Hata hivyo, kukosea idadi hakumfuti Paine. Kijitabu kilisomwa kwa sauti mbele ya watu na vipande vyake vikachapwa magazetini. Muhimu zaidi ni hoja. Malalamiko mengi kabla yake yaliwalenga wabunge na mawaziri. Yeye aliushambulia ufalme wenyewe, akitumia Samweli wa Kwanza sura ya 8, Waisraeli wanapodai mfalme na kuonywa. Mkulima aliyekua na Biblia hakuhitaji mwanasheria wa kumfafanulia hilo.

Wanaompunguzia sifa wana ushahidi mzito pia. Maazimio ya miji na wilaya katika majira ya kuchipua ya 1776 yalitaja zaidi matendo ya serikali ya London: sheria ya Desemba 1775 iliyoruhusu kukamata meli za makoloni, na askari wa kukodi kutoka Ujerumani. Kwa maoni yangu, George wa Tatu, mfalme wa Uingereza, aliwasukuma watu kujitenga zaidi kuliko Paine. Mchango wa Paine ni kwamba walipojitenga, walielekea jamhuri bila kutafuta mfalme mwingine.

Jamhuri ya namna gani, hapo alishindwa kwa sehemu kubwa. John Adams, mmoja wa viongozi wa makoloni aliyetaka uhuru kama yeye, aliliogopa pendekezo la Paine la bunge la chumba kimoja na akachapisha kijitabu cha kulipinga mwaka uleule. Pennsylvania, jimbo lenye mji wa Philadelphia, ililifuata pendekezo hilo katika katiba yake ya Septemba 1776, bila gavana. Mwaka 1790 ikaandika katiba mpya yenye vyumba viwili na gavana.