Waogiek walishinda kesi Arusha. Ushindi huo tuupime kwa kipimo gani?

Wafadhili wa kazi za haki za binadamu wanataka namba. Ripoti ya robo mwaka itataja semina ngapi, washiriki wangapi, wanawake wangapi, na haikosi picha ya pamoja mbele ya bango. Watetezi wengi wa haki nao hujibu kwamba utu haupimwi. Kesi ya Waogiek, jamii ya wenyeji wa asili wa Msitu wa Mau, Kenya, inawasumbua wote wawili.

Oktoba 2009 Waogiek walipewa notisi ya siku 30 wahame msituni. Shauri lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha, na Mei 26, 2017 wakashinda. Juni 2022 serikali ikaamriwa kulipa fidia ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 157.85, tena iwapimie ardhi na kuwapa hati miliki ya pamoja ndani ya miaka miwili. Kwenye ripoti, huo ni ushindi mtupu. Lakini Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, Narok, na miaka ile miwili ikaisha bila hati.

Anayesema kazi ya mawakili imepotea bure, basi, ana ushahidi wa kuonekana kwa macho. Namkubalia nusu. Hati hutolewa na serikali. Tukiifanya kipimo pekee, tunamhukumu mtetezi kwa ukaidi wa aliyeshindwa kesi. Halafu kuna jambo ambalo halionekani Sasimwani. Serikali ilidai kwamba Waogiek si wenyeji wa asili na kwamba kuwaondoa ni kuuhifadhi Mau, chanzo cha mito kama Mara. Mahakama ilikataa yote mawili, ikasema msitu uliharibiwa na wavamizi wengine na maamuzi ya serikali yenyewe, vikiwemo vibali vya kukata miti. Jamii nyingine yoyote barani inayofukuzwa kwa jina la uhifadhi sasa ina hukumu ya kunukuu.

Hata hivyo, sikubali watetezi wajifiche nyuma ya hukumu. Waulizwe kipi kimebadilika kwa familia za Mau: wanalala wapi, wanalima wapi, nani kalipwa. Ila waulizwe kwa muda unaolingana na kazi yenyewe. Kutoka notisi hadi amri ya fidia ilipita karibu miaka 13. Mradi wa miaka mitatu ukifungwa, cha kuhesabu huwa ni semina tu.